Helmeti aliyoninunulia mama inaniumiza, naivua njiani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 29, sijaoa. Naishi na mama yangu Lushoto na kituo changu cha kazi kiko Mombo, kwa hiyo kila siku ya shule nashuka mlima kwa pikipiki asubuhi na kuupanda jioni, zaidi ya kilomita 30 kila safari. Anayeijua barabara ile anajua. Ni kona juu ya kona, upande huu mwamba, upande ule bonde, malori ya mboga yanashuka yakinuka breki, na asubuhi za Juni na Julai ukungu unakaa barabarani kama umepanga chumba.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2021 alipata ajali njia ya Korogwe. Alikuwa amevaa helmeti, ile ya nusu inayokaa utosini kama bakuli. Alilazwa siku tatu, ya nne tukamzika. Daktari alimweleza mama kwamba utosi ulipona, lakini uso na taya viliumia vibaya mno. Mama hakusoma, ila maneno yale ameyashika neno kwa neno.

Nilipopata pikipiki mwaka jana mama hakusema kitu. Desemba walipovunja kikoba alitoa shilingi 180,000, akampa mjomba aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam, akamwagiza aninunulie Kariakoo helmeti ya kufunika uso mzima mpaka kidevuni. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwenye usahihishaji wa mitihani. Kwa kipimo alimpa mjomba kofia ya marehemu kaka, baraghashia yake ya Ijumaa, maana watu wote husema tulifanana kama mapacha. Helmeti ikaja: nyeusi, nzuri, saizi M. Mama alinivisha kwa mikono yake mwenyewe, akalia. Mimi pia nililia.

Shangazi, helmeti ile inaniumiza. Inanibana hapa kwenye paji la uso, katikati kabisa, na kidogo kisogoni. Pembeni, juu ya masikio, haigusi sana, hata kidole kinapita. Dakika kumi za kwanza navumilia. Nikifika Soni ni kama mtu amenibonyeza kwa dole gumba na hataki kuliondoa. Nikiingia darasani Mombo kichwa kinapwita, kipindi cha kwanza wanafunzi wananiona nimekunja uso wakidhani nina hasira.

Sasa nakiri. Tangu Machi nikifika Soni nasimama, naivua, naitundika kwenye kioo cha pembeni, nashuka mpaka Mombo kichwa wazi. Jioni napanda hivyo hivyo, nikikaribia nyumbani naivaa. Mama hunisubiri barazani. Akisikia pikipiki hutoka, hutazama kichwa kwanza, halafu uso. Anasema "Alhamdulillahi", anaingia ndani kupakua chakula. Siku moja trafiki walinikamata nikalipa faini. Mama alipouliza zile pesa nilisema nimemkopesha mwenzangu.

Nimetafuta njia. Mwalimu mwenzangu anauza helmeti yake ya XL kwa shilingi 40,000. Niliijaribu, ni raha tupu, kama kofia ya kulalia. Fundi wa pikipiki anasema atanichongea lile povu jeupe la ndani hapa kwenye paji, kazi ya robo saa, elfu tano. Wengine wananiambia nivae ya nusu kama kila mtu. Na wapo wanaosema nivumilie, kichwa kitazoea. Mwezi wa saba huu hakijazoea.

Je, nimwambie mama? Nikimwambia, naona kama namrudishia zawadi aliyoitoa akilia. Nikinyamaza, namdanganya kila jioni. Au mimi ndiye mlegevu? Kaka asingelalamika kwa kitu kama hiki.

Mwalimu wa mlimani


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa kaka yako. Najua imepita miaka, lakini barua yako imenionyesha kwamba nyumbani kwenu bado hakujatanduliwa matanga moyoni, ndiyo maana natoa pole upya.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla sijawa mshauri nilikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi nilizunguka vijiji vya Kilosa kwa pikipiki ya kliniki tembezi. Tulikuwa na helmeti moja, wauguzi watatu. Mwenzangu mmoja ilimkaa kama alizaliwa nayo. Mimi ilinikata hapa kwenye paji kiasi kwamba nikifika kijijini kina mama huniuliza nimegongwa na nini. Kwa hiyo unaposema dole gumba lisiloondoka, nalijua dole hilo.

Nikikusikia vizuri, unabeba maumivu mawili. Moja liko kwenye paji la uso, jingine liko barazani kwa mama. Umeyafunga pamoja, hata kila ukigusa helmeti unahisi umemgusa mama. Niruhusu niyafungue kidogo, nianze na la paji kwa sababu hilo linapimika.

Kuna jambo umeliandika kama la kupita tu, mimi likanisimamisha. Helmeti hii ilipimwa kwa kofia ya kaka yako. Umewahi kulitafakari hilo? Mlifanana sura, sawa. Lakini baraghashia hukaa juu kidogo ya paji, na ya kuvaliwa miaka mingi huchukua umbo la mwenyewe. Helmeti hupimwa chini zaidi. Unachukua tepu ya fundi cherehani, unaizungusha kichwani kama sentimita mbili na nusu juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kilipotokeza zaidi. Ukipata sentimita 57 au 58, helmeti nyingi zitakuita M. 59 au 60 ni L. Kila kiwanda kina jedwali lake, kwa hiyo namba ya mmoja si lazima iwe ya mwingine.

Hata namba ikiwa sahihi, bado liko suala la umbo, na hili wauzaji wengi hawalisemi. Wapo watu ambao kichwa chao, ukikitazama kutoka juu, ni cha duara. Wapo wenye kichwa kirefu kutoka paji hadi kisogo, chembamba pembeni. Na helmeti nazo zimetengenezwa hivyo hivyo, kwa maumbo tofauti ndani. Kichwa kirefu kikiingia kwenye helmeti ya duara, inabana mbele na nyuma, na pembeni inabaki nafasi. Sasa rudia kusoma maelezo yako mwenyewe: paji, kisogo, na kidole kinapita juu ya masikio. Sikuoni kwa macho, siwezi kuapa, lakini hayo ndiyo malalamiko ya kichwa kirefu ndani ya helmeti ya duara.

Kama ni hivyo, wanaokuambia kichwa kitazoea wanachanganya mambo mawili. Sponji za mashavuni hulegea kweli, baada ya saa kama 15 au 20 za kuvaliwa, na ndiyo maana helmeti mpya inapaswa kubana mashavu hadi yasogee juu kidogo. Lakini nyuma ya sponji kuna povu gumu, aina ile inayofungiwa televisheni mpya kwenye boksi, na hilo halilegei kwa kuvaliwa. Likikubonyeza mwezi wa kwanza, mwezi wa saba litakubonyeza. Kuhusu kichwa kupwita, madaktari wanayatambua maumivu ya kichwa yanayoletwa na kitu kinachobana kwa nje. Hayo kwa kawaida huisha ndani ya saa moja baada ya kukiondoa kitu chenyewe. Wewe angalia: je, kufikia kipindi cha tatu yameisha? Kama yanaendelea hadi jioni, au yanakujia hata Jumapili, nenda kapimwe macho na shinikizo la damu. Na ukiteremka kutoka baridi ya Lushoto kuingia joto la Mombo bila kunywa maji, hilo nalo huuma kichwa.

Sasa njia ulizoletewa. Ya fundi ndiyo iliyonitisha, mwanangu. Povu lile jeupe ndilo helmeti yenyewe. Siku ya kuanguka kazi yake ni kusagika ili nguvu ya pigo iishie pale, isifike kwenye ubongo. Fundi akilichonga kwenye paji atakuwa amepunguza kinga mahali ambapo mtu anayerushwa mbele anaweza kupigia. Elfu tano yake haina ubaya, nia yake ni kukusaidia, lakini kitu kile hakichongwi. Na hapo hapo nikuulize kuhusu kuitundika kwenye kioo cha pembeni. Ncha ya kioo hubonyeza povu kwa ndani taratibu, na usiione kwa sababu kitambaa kinaficha. Ingiza mkono leo upapase. Ukikuta shimo, hilo nalo liingie kwenye hesabu zako.

Hiyo XL ya mwenzako naielewa kwa nini imekupendeza. Kitu kisichobana mahali popote kina raha yake. Lakini fanya jaribio hili kabla hujatoa pesa. Ivae, funga mkanda wa kidevuni sawasawa, kisha mtu asimame nyuma yako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele na juu. Ikivuka kichwa, barabarani itakuacha. Halafu geuza uso kulia na kushoto huku umeishika isigeuke. Ngozi ya paji na mashavu inatakiwa kuvutwa pamoja na helmeti. Uso ukizunguka humo kama maharage kwenye kopo, jibu unalo. Muulize pia ina miaka mingapi na imewahi kuanguka na nani. Watengenezaji wengi hushauri helmeti ibadilishwe baada ya miaka kama mitano, na iliyowahi kupokea ajali haitumiki tena hata kama kwa nje inang'aa.

Ya nusu sitaisemea sana, kwa sababu nyumba yenu inajua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba mama yako, bila kusoma, ameshika jambo ambalo watafiti walilikuta. Dietmar Otte wa Hannover, Ujerumani, alipochora mahali ambapo helmeti hupigwa kwenye ajali, karibu theluthi moja ya mapigo yaliangukia eneo la kidevu. Helmeti ya nusu hapo haina kitu.

Kisha kuna njia ya tano ambayo hukuiita njia, lakini ndiyo unayoitumia: kichwa wazi kutoka Soni hadi Mombo. Mwanangu, hicho ndicho kipande chenye mteremko mkali na kona mbaya kuliko vyote. Unaivaa pale ambapo barabara ina huruma kidogo, unaivua pale inapokuwa katili. Sikulaumu, maana maumivu ndiyo yaliyochagua Soni. Lakini mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 yalikuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ndiyo maana, wakati bado unaamua hayo mengine, nakuomba kitu kidogo. Simama Soni kama ulivyozoea, ivue, kaa dakika tano au kumi, kunywa maji, paji lipumue, uivae tena ndipo ushuke. Ondoka nyumbani mapema kidogo kwa ajili hiyo. Haitibu, ila inakufikisha.

Kuirekebisha hiyo uliyonayo kunawezekana kiasi. Tazama kama kitambaa cha ndani kinatoka kwa vifungo vya kubonyeza. Kama kinatoka, mwenye duka anaweza kuwa na cha unene tofauti, na wapo watengenezaji, kama Arai wa Japani, wanaoweka kwenye sponji za pembeni tabaka la milimita tano la kubandua. Hayo ni sponji na kitambaa, sehemu ya starehe, unaweza kuibadilisha bila kugusa povu gumu. Lakini nisikupe tumaini kubwa. Ikiwa umbo zima limekataa, sponji haitaligeuza. Mjomba anaweza kumuuliza muuzaji kama atabadilishana, ingawa baada ya miezi saba ya jasho sioni wengi watakaokubali.

Ukifikia kununua nyingine, usiagize. Nenda mwenyewe, na kichwa chako, Tanga au Dar. Nenda na nywele zako za siku zote, na kama unavaa miwani nenda nayo, maana mikono ya miwani inahitaji njia pembeni ya vipanja, na helmeti nyingine haina. Ivae dukani nusu saa nzima. Muuzaji atakuna kichwa, atakuuliza kama umekuja kulala, mwambie unapanda Lushoto. Dakika mbili hazisemi kitu, dole gumba lako huanza baada ya kumi. Ukiivua jitazame kwenye kioo: wekundu uliotawanyika paji zima hauna neno, doa moja jekundu katikati linakuambia uirudishe. Jaribu za kiwanda kingine kabla hujapanda saizi, kwa sababu tatizo la umbo halitibiwi kwa ukubwa. Ishike mkononi pia. Za uso mzima huwa kati ya kilo 1.3 na 1.7 hivi, na kwa shingo inayokata kona asubuhi na jioni, gramu mia mbili si kidogo.

Tazama lebo kwenye mkanda. Zilizopimwa kwa kanuni za Ulaya zina herufi E ndani ya duara, na chini yake mstari wa tarakimu unaoanza na 05 au 06, ambalo ndilo toleo jipya. Baada ya mkwaju (/) inafuata herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa nayo kwamba inakinga. Ukiona NP, hicho kidevu ni cha kuzuia upepo. Wengi hawaijui tofauti hiyo, na kwa familia yenu hiyo ndiyo herufi ya kutafuta. Lebo za bandia zipo, kwa hiyo isiwe peke yake. Bonyeza povu kwa kidole, vuta mkanda, tazama riveti zake. Na kwa ajili ya ukungu wenu, uliza kama kioo cha mbele kina sehemu ya kuwekea kile kioo cha pili cha ndani kinachozuia mvuke, na kama kuna tundu la hewa kidevuni linalofunguka. Kioo cheusi achana nacho. Juni saa kumi na mbili asubuhi hutaona hata taa ya lori.

Nimekaa sana kwenye paji. Sasa twende barazani.

Unaandika kana kwamba mama alikupa helmeti, na kuikataa helmeti ni kumkataa yeye. Inawezekana ndivyo atakavyolipokea, mimi simjui. Lakini nimeona umeandika kwamba akisikia pikipiki anatazama kichwa kwanza, halafu uso. Kwa nini uso? Umesema mwenyewe kwamba ukiivaa unafika umekunja uso. Mama aliyelea watoto wawili, akamzika mmoja, anaposoma uso wa aliyebaki kila jioni, una hakika hajaona kitu? Huenda naye ananyamaza akikuhurumia wewe, kama unavyonyamaza ukimhurumia yeye.

Unaweza kumwambia yote: maumivu, Soni, faini, uongo wa mkopo. Hatari yake ni kwamba siku kadhaa atashindwa kulala, na kila ukichelewa atakuona bondeni. Faida ni kwamba hutabeba tena. Unaweza kumwambia kuhusu paji tu, umwonyeshe doa jekundu, na yale ya Soni uyaache kwanza. Hiyo ni nyepesi, ila jua kwamba mji ni mdogo na walioona ukipita kichwa wazi ni wengi. Yakimfikia kwa mdomo wa jirani yatauma mara mbili. Unaweza kuanza na mjomba, ambaye ndiye aliyebeba ile kofia hadi Kariakoo, akusaidie kulifungua. Wengine wangenunua nyeusi nyingine inayofanana na kunyamaza kabisa. Sitakuambia ni dhambi. Nakuuliza tu kama utaweza kuivaa kila jioni bila kukumbuka.

Na wazo jingine, ulipime tu. Mwambie akupime yeye. Mkabidhi tepu, kaa kwenye kigoda, azungushe kichwa chako kwa mikono yake. Akiipata namba yako, yako wewe, huenda maneno mengine yakafuata yenyewe. Huenda pia akalia. Mmeshalia pamoja kwa helmeti hii mara moja na mkainuka.

Uliuliza kama wewe ni mlegevu, ukasema kaka asingelalamika. Hapo ndipo nilipoiweka barua chini. Kaka yako helmeti hii ingemkaa, mwanangu, kofia iliyopimwa ilikuwa yake. Hujui kama asingelalamika kwa isiyo yake. Nyumba iliyopoteza mtoto wakati mwingine humvisha aliyebaki vitu vya aliyeondoka, kwa mapenzi tu, bila mtu kukusudia: nguo zake, majukumu yake, uvumilivu wake. Sijui kama wewe umevishwa vingine zaidi ya hiki. Unajua mwenyewe.

Jumamosi hii huendi shule. Ivae ukiwa umekaa sebuleni, nusu saa kamili kwa saa ya ukutani, mama akiwepo au asiwepo, kama utakavyoona. Ukiivua jitazame, kisha niandikie doa limekaa wapi, na tepu imesema sentimita ngapi.

Shangazi yako